Siti hita ya gari la zamani imekufa, ununue nini kwanza

Wakuu mnaoishi Minnesota, Ohio, Canada na kwingine kwenye baridi kali, kama una Volvo au Golf ya 2004 hivi, siti ya dereva ndo huwa inakufa ya kwanza wakati ya abiria bado inachoma vizuri tu. Dereva anakaa kila siku, na wengine wanaweka goti juu ya siti kuvuta mizigo ya nyuma, basi kale kawaya kembamba ka joto ndani ya pedi (kitambaa cha kupasha joto chini ya kava) kanakatika. Kabla hujamwaga hela, mimi napanga hivi.

Namba 1 ni mita ya fundi umeme ya mkononi (maltimita), hata ile ya bei chee. Anza na fyuzi, halafu chomoa plagi chini ya siti upime. Ukisoma ohmu (kipimo cha ukinzani wa umeme) chache basi pedi ni nzima, mchawi yuko kwenye swichi, rilei (kile kiswichi kinachowashwa na umeme) au waya, na hapo umeokoa hela yote. Mita isiposoma kitu, waya umekatika. Magari mengi pedi ya kukalia na ya mgongoni zimeungwa kwa mfuatano, ikikatika moja zote zinakufa, kwa hiyo pima kila moja peke yake usije ukanunua mbili bure. Ila chonde, plagi ya njano ni ya eabagi (mfuko wa hewa wa usalama): toa betri kwanza, subiri dakika kadhaa, na usiwashe gari ikiwa imechomolewa, taa ya eabagi itawaka na mara nyingi haizimi mpaka uifute kwa mashine.

Namba 2, seti ya pedi za kaboni. Hii ndo chaguo langu kwa gari la zamani. Siti mbili mara nyingi hazifiki dola 100, unapata pedi, waya, rilei na swichi, na pedi unaikata urefu ukae na siti yako ila usipunguze upana, maana pembeni inapita mistari miwili ya umeme. Kazi ngumu ni kuvua kava, kuna vipete vya chuma vinavyoshika kitambaa, unavikata na kurudishia ziptai. Chukua yenye kidhibiti joto hasa kama nyumbani kuna mwenye kisukari, maana miguu ikishakufa ganzi mtu anaungua asijue. Siti ya abiria usiiguse kienyeji, magari yaliyouzwa Marekani kuanzia 2006 hivi yana sensa inayojua kama kuna mtu amekaa, ukiweka pedi juu yake eabagi inaweza kuchanganyikiwa, hapo mpe fundi.

Namba 3, mto wa kuchomeka kwenye soketi ya sigara. Unafaa kama gari unaliuza mwakani. Unateleza, na soketi nyingine zina umeme hata gari likizimwa, ukisahau asubuhi betri imelala. Usinunue unaofunika mgongo mzima kama siti ina eabagi ya ubavuni.

Namba 4, siti nzima kutoka skrepu (wanapouza vipuri vya magari mabovu). Inalipa kama ngozi yako nayo imechanika, ila nenda na mita yako upime palepale, na plagi zifanane.

Ya mwisho ni pedi orijino ya dila (duka rasmi la kampuni ya gari). Inakaa vizuri kuliko zote, sawa, ila ukijumlisha na ufundi gari la miaka 20 halistahili hiyo bili, na modeli nyingine pedi zenyewe hazitengenezwi tena.