Mashine ya begani ya kukatia majani na sanduku la marobota: uzoefu wangu wa kuviandaa kabla ya kipupwe

Huu ni msimu wa nne nakata majani ya ng'ombe, ya kukausha na kufunga marobota, kwa mashine hii, hapa kaskazini ya Pemba. Ni ile ya kubeba begani, injini ya petroli ya mipigo miwili, cc 43, kisu cha duara cha milimita 255. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeizuia kwa sababu ya mipira ya petroli na mkanda wa begani. Lakini malalamiko mengi ninayoyasikia juu ya mashine za aina hii, kwamba haziwaki, zinazimika ovyo, hazina nguvu, hayatokani na kazi ya kukata. Yanatokana na miezi ambayo mashine zimekaa bandani bila kuangaliwa.

Na sisi muda wa kubahatisha hatuna. Masika yakimalizika mwishoni mwa Mei, majani yanaanza kutoa maua, na hapo ndipo yanapokuwa na lishe. Yakichelewa wiki mbili tatu yanakuwa mabua matupu. Tena kipupwe chetu kina mvua za mchoo, zinazoweza kushuka juu ya majani yaliyokwishakatwa na kulala chini. Zikipatikana siku tatu za jua zinazofuatana, mashine inatakiwa iwe shambani, si kwa fundi. Ndiyo maana naanza matengenezo katikati ya Mei, mvua ikiwa bado inanyesha. Kipuri kikikosekana Chake au Wete, itabidi kiagizwe Unguja au Dar es Salaam, na siku zinakwenda.

Naanza na petroli, kwa sababu ndiyo chanzo cha kesi nyingi. Petroli iliyochanganywa na oili ikishapita mwezi huanza kuharibika: sehemu nyepesi inaruka, na inayobaki inaacha utando kama gundi ndani ya kabureta, kwenye vijitundu vyembamba kuliko tundu la sindano. Dalili yake ni kwamba mashine inawaka ukifunga choki, ukiifungua na kuongeza mafuta inazimika. Mwaga petroli kuukuu yote, usiichanganye na mpya ukidhani itapona. Filta ya ndani ya tangi ivute kwa waya uliopindwa ncha kama ndoana. Ikiwa nyeusi au imekakamaa, weka mpya. Kisha minya mipira ya petroli kwa vidole. Mpira mgumu au wenye ufa unavuta hewa, petroli inayofika kwenye silinda inakuwa kidogo, joto linapanda na pistoni inakwaruzika. Mipira iliyokuja na mashine yangu hukakamaa kabla ya mwaka kwisha, hivyo kila Mei naibadilisha yote miwili pamoja na kile kipira cha kubonyezea petroli. Kama kabureta imeziba, ifunguliwe, isafishwe kwa dawa yake ya kupuliza, na kingozi cha ndani kibadilishwe kikiwa kimekuwa kigumu. Msimruhusu mtu kuzibua vijitundu kwa waya. Vikipanuka hata kidogo, mashine itakula petroli na kutoa moshi mpaka mwisho wake.

Dawa ya yote haya hufanywa siku ya mwisho ya kukata: toa petroli yote tangini, washa mashine mpaka izime yenyewe, fungua plagi, tia kijiko kimoja cha chai cha oili ya mipigo miwili (2T) kwenye tundu lake, vuta kamba polepole mara tatu au nne, rudisha plagi. Haichukui hata nusu saa.

Oili sasa. Visiwani kwetu kuna kosa ambalo wafugaji wa Bara pengine hawalijui: oili ya mashine za boti. Inapatikana kila penye wavuvi, nayo ni ya mipigo miwili kweli, basi watu wanaitia. Oili ile, yenye alama ya TC-W3, imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya bahari. Mashine ya begani inapozwa na upepo tu, joto lake ni kubwa zaidi, na oili ya boti haiwezi kuilinda ipasavyo. Tafuta chupa yenye alama ya JASO FC au FD. Oili ya injini ya pikipiki ya mipigo minne nayo si yake, inaacha masizi mazito. Kibandiko cha mashine yangu kinataka 25 kwa 1, yaani mililita 40 za oili kwa kila lita moja ya petroli, mililita 200 kwa dumu la lita 5. Pima kwa bomba la sindano la duka la dawa, usikisie kwa kifuniko cha chupa. Kama mashine yako imeandikwa 50 kwa 1, ni mililita 20 kwa lita. Changanya ya kazi ya wiki moja tu.

Plagi: isugue kwa mswaki wa waya, pengo liwe kati ya milimita 0.6 na 0.7. Ikiwa na rangi ya kahawia, injini ni nzima. Nyeusi na yenye unyevu, ama oili imezidi ama filta ya hewa imeziba. Nyeupe, hewa imezidi, rudi kwenye ile mipira. Filta ya hewa ya sponji ifue kwa sabuni, ikauke kabisa, itie matone machache ya oili na uikamue. Kwenye ekzosi, kama kuna kijichujio cha waya kitoe ukisugue masizi. Kikiziba, mashine inakuwa kama imekabwa koo, watu wanadhani injini imechoka.

Giabokisi ya kichwani, pale shafti inapokutana na kisu, ndiyo inayosahauliwa zaidi. Duka lililoniuzia lilinikabidhi mashine ambayo kichwani haikuwa na grisi ya kutosha, na sikuambiwa kitu. Ubavuni kuna skrubu. Ifungue, tia grisi ya lithiamu mpaka theluthi mbili ya nafasi, zungusha kisu kwa mkono, funga. Usijaze pomoni: grisi ikipata moto inatanuka, inasukuma sili, na mchanga unapata njia ya kuingia kwenye beringi. Rudia kila baada ya saa 20 hadi 25 za kazi. Kichwa kikiwa cha moto kiasi huwezi kukigusa, simama hapo hapo.

Kwenye kisu nitakaa kidogo. Kwanza nati yake: inafunguka kinyume na nati nyingine, kwa kuzungusha kulia. Watu wanavunja spana kwa kutojua hili. Chomeka pini kwenye tundu la kichwa ili shafti isizunguke, kisha fungua. Nati ikianza kuzunguka kwa vidole vitupu, haishiki tena, nunua nyingine kabla haijaacha kisu kiruke.

Kwa majani ya kukausha natumia kisu cha meno matatu. Uzi wa nailoni unayasagasaga majani, unayatawanya, na ukiyakusanya unakuta nusu yamebaki chini. Meno matatu yanakata shina mara moja na majani yanalala upande mmoja, rahisi kwa reki. Kinoe kwa tupa bapa, mlalo wa kama digrii 30, na hesabu mikwaruzo: ukipiga kumi jino la kwanza, kumi la pili, kumi la tatu. Usiingize tupa kwenye shina la jino, pale penye mviringo. Ukipatia kona kali, ufa unaanzia hapo. Ukimaliza, tundika kisu kwenye kijiti laini kinachopita tundu la kati. Upande mmoja ukishuka kila mara, huo ni mzito, ongeza tupa huko. Kisu kisicho sawa kinatikisa mikono, kinalegeza nati na kuua beringi.

Sisi wa Micheweni na pande zote za uwanda, ile ardhi ya mawe ya matumbawe, tuna jambo jingine, mawe. Jiwe la matumbawe limejificha majanini, kisu kinaligonga kikiwa kwenye mwendo mkali, huuoni ufa. Kabla ya msimu kining'inize kisu kwa uzi ukigonge kwa mpini wa bisibisi. Kizima kinalia kama kengele, sauti inavuta. Chenye ufa kinatoa mlio mfupi mkavu. Hicho kitupe mbali. Kisichomelewe kamwe, hata fundi akikwambia anaweza. Na lile kinga la plastiki nyuma ya kisu lisitolewe. Mtu mwingine, na mnyama, asogee mita 15.

Sanduku la marobota nililichongesha kwa seremala wa hapa: urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, wazi juu na chini. Majani makavu yakikanyagwa vizuri ndani yake yanatoa robota la kama kilo 20. Ni kifaa kizuri sana kwa bei yake, ila masika yanakiharibu. Mbao zinavimba, kuta zinakuwa na manyoya, na robota linang'ang'ania ndani. Mvua zikikatika nalianika siku mbili, napiga randa upande wa ndani, kisha msasa. Mwaka huu nimemwambia seremala auongeze upana wa chini sentimita moja kuliko juu, na sasa ukilinyanyua sanduku robota linabaki chini bila ugomvi. Misumari iwe ya zinki. Ya kawaida inaliwa na kutu kwa hewa yetu ya chumvi, vichwa vinakatika, ncha zinabaki zimetokeza majanini zikimsubiri ng'ombe.

Kila robota linataka kamba mbili za mita 2.5, zilazwe ndani ya sanduku kabla ya kutia majani, ncha zake zikishikwa kwenye mikato ya ukingo wa juu. Marobota mia ni mita 500, kwa hiyo kamba zikatwe mapema. Natumia ya makumbi au mkonge. Ya mkonge iliyokaa penye unyevu ivute kwa uzito wa mwili kabla hujaiamini. Vipande vya plastiki vya viroba sivitaki: ng'ombe akivimeza vinajikusanya tumboni na havitoki.

Ongeza kwenye vifaa vyako chupa yenye mfuniko na chumvi. Kata majani vipande vidogo, jaza chupa nusu, tia kijiko cha chumvi, tikisa dakika mbili. Chumvi ikigandana au kushika ubavuni, majani bado yana maji, ukiyafunga yatapata joto na kuota ukungu. Ikibaki inamwagika, funga. Kwa hewa yetu, chumvi yenyewe ikaange kwanza kwenye kikaango ikauke, vinginevyo itakudanganya kila siku.

Wiki moja kabla ya kazi, ijaribu mashine kwa tangi moja zima, si kuiwasha na kuizima. Ikiwa imetulia bila kuongezwa mafuta na kisu bado kinazunguka, punguza mwendo wa chini kwenye skrubu ya kabureta. Ikiendelea, springi ya klachi imekatika.

Na ule mkanda. Uliokuja na mashine una kifungo cha plastiki kinachoteleza, mpaka ukifika saa ya pili mashine imeshuka na kisu kinachimba udongo. Nimeutoa, nimeshonesha mwingine kwa mkanda wa usalama wa gari, wenye kifungo cha chuma. Vaa, ning'iniza mashine yenye tangi lililojaa, achia mikono. Sogeza kishikio kwenye bomba mpaka kisu kielee chenyewe sentimita 10 juu ya ardhi, kisha tia alama ya rangi hapo. Urefu huo unaacha kisiki cha kuchipua tena, na unakupitisha juu ya mawe mengi ya uwanda.