Rangi za mkupuo mmoja kwa askari wa 1914: khaki nzuri, ngozi ya mtu hapana

Mimi napaka visanamu vya chuma vya milimita 28 kwa mchezo wa vita wa mezani. Jeshi ninalolimalizia sasa ni la kampeni ya Afrika Mashariki, 1914 hadi 1918: Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, upande huu, King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, upande ule. Ndiyo maana nikanunua seti ya zile rangi nyepesi za kupaka mara moja tu. Jina la kampuni nalihifadhi.

Zinavyofanya kazi: unapuliza kwanza rangi ya msingi ya maziwa, halafu unapaka hii juu yake. Yenyewe inatiririka na kutuama kwenye mikunjo, palipoinuka panabaki peupe. Kwa khaki, jamani, sina neno. Sare ya askari wa Mjerumani karibu yote ni khaki, hata tarbushi ilivalishwa kifuniko cha khaki chenye nembo ya ndege tai mbele, kwa hiyo kikosi kizima unakipaka jioni moja na mikunjo ya suruali inaonekana yenyewe. Mkanda na vifuko vya risasi vya ngozi pia vimetoka vizuri. Ile fulana nzito ya buluu ya KAR imekuwa na mabaka, lakini inarekebishika.

Sasa ngozi ya mtu. Seti ina chupa kadhaa za ngozi ya Mzungu, na moja tu ya mtu mweusi. Rangi ilijaa machoni na chini ya mashavu, ikakauka inang'aa, uso mzima kama masizi ya sufuria. Aliyeichanganya nadhani hajawahi kupanda daladala akatazama watu. Schutztruppe ilikuwa na Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, na hata Wasudani, ambao Wissmann, afisa wa Kijerumani, alianza kuwaajiri kutoka Cairo mwaka 1889. Wote hao chupa moja?

Nimerudi kwenye rangi zangu za kawaida za Vallejo. Naanza na kahawia iliyokolea yenye wekundu kidogo, kisha paji la uso, pua na mashavu naongezea kahawia inayoelekea chungwa, kila sura kwa kipimo chake. Nyeupe usiitie, ngozi itageuka kijivu. KAR wanakula muda zaidi maana wengi nawapaka na kaptula na miguu peku, ngozi ni nyingi.

(Nje ya mada kidogo: kombania nyingi za Schutztruppe zilianza vita na bunduki za modeli ya 1871, zenye baruti ya moshi. Ukibandika pamba kidogo kwenye mdomo wa bunduki, meza inapendeza.)

Malizia na vanishi isiyong'aa, la sivyo khaki itameta. Seti nzima sinunui tena. Khaki nitaiagiza peke yake, na ile ya ngozi nimeihamishia kwenye vitako vya bunduki, huko inafaa.