Jiko la presha la umeme lita 6: kwa maharagwe na pweza sawa, kwa "kaboni sifuri" hapana

Kwa chakula cha kuchemsha muda mrefu, jiko hili la wati 1,000 linaiacha mbali seredani, lile jiko la mkaa. Nusu kilo ya maharagwe yaliyorowekwa usiku kucha huiva kwa dakika 25 hadi 30 za presha, na mita ya TUKUZA, ile ya umeme wa kulipia kabla Zanzibar, hukata nusu uniti hivi. Usijaze kupita nusu ya sufuria, povu litaziba tundu la mvuke. Pweza ni dakika 15 hadi 20 na kikombe kimoja cha maji tu, kwani mwenyewe hutoa maji mengi.

Wali wa nazi ndio unaowashinda wengi. Tui zito likitiwa tangu mwanzo hugandia chini, kihisi joto kinadhani chakula kinaungua, jiko linajizima kabla presha haijapanda. Pikia tui jepesi. Presha ikishuka, mimina tui zito, geuza, funika dakika 5. Chapati na mishikaki bado ni kazi ya mkaa.

Umeme ukiwa mdogo jioni, usilaumu jiko: volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, wati 1,000 zinabaki kama 610, na presha inachelewa kupanda. Mvuke ukitokea ubavuni, mpira wa mfuniko umelegea. Na waya mwembamba wa kuungia usiutumie kabisa, utayeyuka.

Sasa hilo neno la wauzaji, "kaboni sifuri", yaani jiko lisilosababisha hewa ukaa hata kidogo. Umeme wa Unguja unavuka bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, wa Pemba unatoka Tanga tangu 2010, na huko bara unazalishwa kwa maji na kwa gesi pia. Hata uniti zote zingekuwa za gesi, sufuria ya maharagwe ingetoa kama robo kilo ya hewa ukaa. Kilo moja ya mkaa ikiungua hutoa takriban kilo 3, bila kuhesabu moshi wa tanuri la kuchomea mkaa. Tofauti ni kubwa ya kutosha. Kutia chumvi kwa nini?

Chumvi hiyo ina historia. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kuwa miradi ya majiko ya biashara ya kaboni (kuuza hesabu ya hewa ukaa iliyopunguzwa) waliyoichunguza ilijihesabia upungufu wa hewa ukaa karibu mara 9 ya ule halisi. Ilihesabu majiko yaliyogawiwa, ikasahau kuwa nyumba iliendelea kuwasha mkaa pembeni, na ikakuza mno kiasi cha kuni ambazo msitu hauzirudishi. Miradi inayopima matumizi kwa mita ilikaribia ukweli zaidi. Kwa hiyo ukipewa jiko kwa bei ya punguzo kwa sababu ya biashara ya kaboni, uliza kama lina mita ndani. Lisipokuwa nayo, hesabu yao ni ya kukisia.

Chagua lenye sufuria ya chuma cha pua. Ile nyeusi ya kupakwa huchubuka mapema kwa mwiko wa chuma. Mpira wa akiba ununue siku hiyohiyo, wa saizi ileile.