Wiki 8 za Kuisikiliza Pumzi: Tathmini ya Kozi ya Uzingativu kwa Njia ya Simu

Nilijiandikisha katika kozi hii ya uzingativu, yaani mazoezi ya kuielekeza akili kwenye kinachotokea sasa bila kukihukumu, kwa sababu moja tu: sentensi niliyoitamka mkutanoni siku ya Jumatatu ilikuwa bado inaninyima usingizi Alhamisi. Saa nane za usiku nilikuwa nimelala chali nikiirekebisha, nikiwajibu watu ambao bila shaka walikuwa wameshaisahau, na kila nilipomaliza kuirekebisha niliianza upya. Kiswahili kina neno linaloifaa kabisa hali hiyo, ingawa tumezoea kulitumia kwa ng'ombe na mbuzi: kucheua. Ng'ombe, hata hivyo, akicheua hupata lishe, ilhali mtu anayecheua maneno yake mwenyewe usiku kucha huamka na njaa ileile.

Kozi yenyewe huchukua wiki 8. Mwanafunzi hupewa rekodi za sauti za kila siku kupitia programu ya simu, na mara moja kwa wiki hukutana na mkufunzi na wanafunzi wenzake kwa video. Muundo huu una asili inayojulikana, nao ni wa mafunzo ambayo Jon Kabat-Zinn aliyaanzisha mwaka 1979 katika kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo, na ambayo baadaye Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale waliyaunganisha na tiba ya utambuzi, ile ya mazungumzo inayomfundisha mtu kuzichunguza fikra zake, ili kuwakinga watu waliokwisha kuugua sonona (ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu) mara kadhaa wasiugue tena. Nimeitaja nasaba hiyo kwa makusudi, kwa kuwa programu nyingi zinazouzwa kwa jina la utulivu hazina zaidi ya sauti ya mvua na picha ya machweo.

Zoezi la kwanza ni la zabibu kavu, moja tu, ambayo mtu huishika, huitazama, huinusa na hatimaye huila polepole. Nakiri nilijiona mjinga. Niliitazama mikunjo yake, nikaona upande mmoja unang'aa kama uliopakwa mafuta na upande wa pili una kovu dogo pale ilipochumwa kwenye kikonyo. Nilipoiviringisha kwa vidole karibu na sikio ilitoa mlio mdogo wa kunata. Ilipofika ulimini, mate yakanijaa hata kabla sijauma. Ndipo nilipotambua kwamba kwa muda wa kama dakika 2 hivi Jumatatu haikuwamo chumbani, na kwamba sikuwa nimeifukuza.

Hapo ndipo kozi hii inapostahili sifa, kwani haimdanganyi mtu kuwa wazo linaweza kuzimwa kama taa. Mkufunzi wetu alilieleza jambo hilo kwa jaribio la mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake la mwaka 1987, ambamo washiriki waliambiwa wasimfikirie dubu mweupe, wakashindwa, na baadaye waliporuhusiwa kumfikiria wakamfikiria zaidi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Badala ya kufukuza, tulifundishwa kulitambua wazo likishafika, kulipa jina fupi kama vile "kujilaumu", "kupanga" au "kukumbuka", kisha kurudi kwenye pumzi inayopita puani. Wiki ya kwanza nilitakiwa kuhesabu pumzi hadi 10 na sikuwahi kuvuka 4. Mkufunzi alisema kwamba ile nukta ya kugundua kuwa nimepotea ndiyo zoezi lenyewe, na sentensi hiyo moja ilinifaa kuliko nusu ya rekodi zote.

Rekodi zenyewe zina kasoro. Ile ya kuupitia mwili kiungo kwa kiungo, kuanzia vidole vya miguu hadi utosini, ni ndefu kupita kiasi na msomaji wake hanyamazi. Kila ninapoanza kuusikia wayo wangu, yeye ananieleza jinsi ninavyopaswa kuusikia. Nililala usingizi siku 5 kati ya 7.

Kasoro kubwa zaidi ni hesabu ya siku mfululizo. Siku ya 19 nilikosa zoezi, na programu ikairudisha hesabu yangu kwenye sifuri pamoja na kikatuni chenye uso wa huzuni. Usiku ule nilikesha nikijilaumu kwa kushindwa zoezi la kutojilaumu. Niliwaandikia wahusika, nikajibiwa kwa barua ambayo ni dhahiri hutumwa kwa kila mtu. Hesabu hiyo inaweza kuzimwa, lakini kitufe chake kimefichwa ndani ya ukurasa wa tatu wa mipangilio, na anayeanza kozi ningemshauri akizime kabla ya rekodi ya kwanza.

Tangazo lao nalo linaahidi akili tulivu ndani ya siku 7. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la tiba la Lancet, uliowafuatilia watu 424 nchini Uingereza kwa miaka 2, uliona kuwa sonona iliwarudia asilimia 44 ya waliopewa mafunzo ya namna hii pamoja na msaada wa kupunguza dawa, na asilimia 47 ya walioendelea na dawa za kuizuia. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kuyatangaza mafunzo kuwa mshindi, na watu hao walifundishwa ana kwa ana na wataalamu wa tiba. Isitoshe, hakuna aliyeniuliza wakati wa kujiandikisha kama nimewahi kupatwa na jambo la kutisha, ilhali kuna watu ambao ukimya na kufumba macho huwaamshia kumbukumbu nzito. Hao waanze na mtaalamu, si na simu.

Nimebaki na zoezi moja, la dakika 3, linalofundishwa wiki ya tatu: kwanza kutambua kilichomo akilini na mwilini, kisha kuikusanya akili kwenye pumzi, kisha kuipanua ienee mwili mzima. Nalifanya kabla ya kufungua barua pepe ninayoiogopa. Kwa zoezi hilo na kwa mkufunzi naipa kozi nyota 3 kati ya 5. Programu peke yake ningeipa 1.

Ile sentensi ya Jumatatu bado hunijia. Juzi ilinikuta nasuuza vikombe. Niliipa jina lake, "mkutano", nikasikia maji yamepoa mkononi, nikafungua bomba la maji ya moto.