Stelingi si lazima awe shujaa: Arthur Morgan, Geralt na Joel

Kwa ambaye hajacheza: miisho ya gemu zote tatu imeanikwa humu.

Kwenye gemu kila stelingi ni jasiri. Ukifa unarudi pale uliposevu, kwa hiyo maiti mia moja nyuma yako si ushahidi wa lolote. Cha kuangalia ni hiki: wema wake unamgharimu nini, na je, angeweza kuuacha?

Kwa kipimo hicho Arthur Morgan wa Red Dead Redemption 2 (2018) anawaacha wenzake mbali. Anaanza kama jambazi. Sura ya 2 Strauss, mkopeshaji wa genge lake, anamtuma kudai deni kwa Thomas Downes, mkulima mgonjwa. Arthur anamkwida, anamtandika, na Downes anamkoholea damu usoni. Tukio ni la dakika chache na huwezi kuliruka. Kifua kikuu anachokipata pale ndicho kitakachommaliza.

Akishapimwa na daktari mjini Saint Denis na kujua anaumwa, wema haumlipi tena chochote. Hapo ndipo zinakuja misheni bora za gemu nzima, na nyingi ni za hiari: kumsaidia mjane wa Downes na mwanawe, kuwafutia watu madeni, kumfundisha mjane mwingine, Charlotte Balfour, kuwinda. Zimalize kabla ya misheni ya mwisho, la sivyo baadhi zitakupita. Mwishoni unachagua kumsindikiza John Marston, mwenzake wa genge anayetoroka, au kurudia pesa za genge. Ukimsindikiza na heshima yako (alama ambazo gemu inakupa kwa wema na kukupunguzia kwa ubaya) ikiwa juu, Arthur anakata roho akitazama jua likichomoza. Ikiwa chini, Micah, msaliti wa genge, anampiga risasi.

Kasoro yake ni kwamba hicho kipimo cha heshima kinahongeka. Salimia wapita njia wa mji wa Valentine, vua samaki na umrudishe majini, kinapanda. Asubuhi umeua, jioni umetakata, na dukani wanakupunguzia bei! Hadithi imeandikwa na watu wazima. Hesabu hii sijui walimwachia nani.

Geralt wa The Witcher 3 (2015) hana kipimo cha kuonekana, na hilo ndilo linalomfanya awe mgumu kumcheza. Hatima ya Ciri, binti aliyemlea, inategemea matukio machache yaliyotawanyika, na wengi huanguka kwenye lile la baada ya msiba wa Vesemir, mzee aliyemfunza Geralt. Ciri amenywea. Jibu la kumwambia si lazima aweze kila kitu, kisha mnywe pamoja, linasikika la huruma, kumbe linahesabiwa vibaya. La kumtoa nje mkarushiane mipira ya theluji ndilo zuri. Vivyo hivyo usipokee pesa za Emhyr, mfalme ambaye ni baba yake mzazi, mwache akaonane na Lodge, chama cha wachawi wa kike, peke yake, mwache avunjevunje maabara ya Avallac'h, mwalimu wake, na mfuate hadi kaburi la Skjall, kijana aliyemsaidia. Mabaya yakizidi, harudi. Ushujaa wa Geralt, basi, ni wa mlezi anayejua lini akae pembeni. Panga zake mbili hazisaidii hapo.

Joel wa The Last of Us (2013) ni stelingi, shujaa si yeye. Kwenye chumba cha upasuaji, hospitali ya Salt Lake City, daktari anasimama na kisu kidogo mbele ya Ellie, msichana ambaye Joel amemsindikiza safari nzima na ambaye upasuaji wa kutafuta tiba ya ugonjwa ulioangamiza dunia ungemuua. Unaweza kuwaacha wasaidizi wake wawili, yeye huwezi. Weka pedi chini usubiri, hadithi haisogei. Ukimkaribia, Joel anamuua mwenyewe. Kisha anamdanganya Ellie, mtoto aliyemwokoa, kuhusu kilichotokea. Ni mapenzi ya baba aliyekwisha zika binti mmoja, lakini gharama yote amewatwisha wengine.

Kwa mwenye muda mfupi, ya Joel ni saa 15 hivi. Ya Geralt na ya Arthur zinakula 50 na zaidi kila moja, na ya Arthur kwenye kompyuta inadai GB 150. Wengi huiacha sura ya 1, kwenye theluji, kwa uvivu wa mwendo wake. Vumilia mpaka kundi lishuke kwenye kambi ya Horseshoe Overlook.