Stesheni ya Moshi: iwe makumbusho au treni ziendelee?

Hapa Moshi ukigusia majengo ya zamani ya reli watu wanagawanyika, wapo wanaotaka yawe makumbusho na wapo wanaosema yaachwe yapige kazi. Mi nipo na hawa wa pili.

Makumbusho ina mfano hapo jirani tu, Boma la Arusha, ngome ya Mjerumani ya mwaka 1900 na leo ni makumbusho ya taifa, imesimama vizuri. Ila jiulize mtu wa Kiboriloni, mtaa wa hapa Moshi, atalipa kiingilio mara ngapi.

Sasa treni. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi kabla ya vita kuu ya kwanza, Arusha ikafika 1929, halafu abiria tukakaa miaka kibao bila treni mpaka Desemba 2019 treni ya Dar iliporudi Moshi, na 2020 ikafika Arusha. Nenda stesheni wiki ya Krismasi uone, mama ana ndoo kichwani, mtoto mgongoni, mabegi yanapitishwa dirishani, yaani watu hao huna haja ya kuwabembeleza waipende stesheni, ukitaka kuibomoa watakuwa wa kwanza kupiga kelele.

Ubaya wake ni ukarabati wa haraka haraka, fundi anang'oa mlango wa mbao wa enzi hizo anabandika alumini, na hapo kweli makumbusho inashinda. Kwa hiyo treni ziendelee, ila milango isiguswe, na wastaafu wa reli wapewe chumba kimoja wawaelezee watoto wa shule, bure.