Chanjo ya kuku kutoka duka la dawa za mifugo, Kadutu

Mwaka jana, hapa Panzi, Bukavu, nilipoteza kuku 14 kwa juma moja. Shingo zilipinda, kinyesi kikawa cha kijani. Muuzaji mmoja wa sokoni aliniuzia tetrasaiklini, aina ya antibiotiki. Niliwanywesha, wakazidi kufa.

Baba wa duka hili alikataa kabisa kuniuzia antibiotiki. Alinieleza polepole: hicho ni kideri, ugonjwa wa Newcastle. Kirusi huingia ndani ya seli ya kuku na kuilazimisha itengeneze virusi vingine, na antibiotiki huua bakteria tu. Kuku akishaugua hakuna dawa ya kumponya, chanjo lazima itangulie. Laiti ningejua mapema!

Chanjo yake inatoka kwenye frigo inayotumia umeme wa jua, si kwenye rafu. Umeme wa Bukavu tunaujua wote, hukatika kila mara. Alinifungia chupa ya dozi 100 ndani ya termosi yenye barafu: tone moja jichoni. Ikishachanganywa haikai, basi nikawaita majirani wanne tukachangia. Chupa ndogo hana, hilo linaniumiza.

Kuku wangu 23 wako hai. Baada ya miezi mitatu narudi kwake ili niwachanje tena.